Nilimwongezea Mama Mkwe Meno

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba msaada na nakuomba uwahi kunijibu, kwa sababu Ijumaa ijayo mtu asiye na kosa lolote atafukuzwa kazi, na mwenye kosa ndiye huyu anayekuandikia.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na nne, nina mke mmoja na mama mkwe mmoja, na huyo wa pili peke yake anatosha watatu. Kazi yangu ni kuandaa mafaili ya picha kwa ajili ya kuchapa mabango makubwa, yale yanayofunika ukuta mzima, na watu wengi hudhani kazi yenyewe ni kubonyeza kitufe, lakini bango la mita nane si picha ya simu iliyovutwa pembe nne, inabidi picha iwe na ubora wa kutosha, rangi za skrini uzigeuze ziwe rangi za wino la sivyo nyekundu inatoka kama tofali la zamani, uache ukingo wa ziada pande zote ili fundi akikata na kutoboa matundu ya kamba asiondoke na sikio la mtu, maandishi uyageuze yawe michoro ili yasijibadilishe umbo kwenye kompyuta nyingine, na mwisho kabisa, hapa ndipo nilipoangukia, uikuze picha kwenye skrini mpaka ukubwa wake halisi upitie kipande kwa kipande kama mtu aliyedondosha sindano kwenye zulia.

Sasa mama mkwe wangu anauza vyombo vya plastiki sokoni, na mwaka huu anagombea uenyekiti wa chama cha wafanyabiashara wa soko, akataka bango la mita nane kwa nne kwenye ukuta unaotazamana na lango kuu, uso wake upande mmoja na maneno upande mwingine, na kwa kuwa mimi ni mkwe kazi ikaja kwangu bila kuulizwa kama nina nafasi. Nikamwambia, "Mama, naomba ile picha halisi aliyopiga mpiga picha, siyo iliyozunguka kwenye simu za watu." Akanitumia picha ndogo kama stempu. Nikamwomba tena, akanitumia ileile imekatwa nywele. Mara ya tatu akanitumia picha ya skrini, juu inaonekana saa na betri imebaki asilimia kumi na moja, na chini kabisa, karibu na kidevu chake, pameandikwa "Jibu". Nikasema mama, hii haitoshi, akasema, "Mbona kwenye simu yangu natoka vizuri? Au unataka kuniambia simu ndiyo inajua kazi kuliko wewe?"

Haya yote ningeyavumilia, lakini Jumanne asubuhi alikuja karakana na marafiki zake wawili wa sokoni, akasimama mlangoni pa chumba changu, chumba chenyewe ni kama kabati lenye feni, akasema kwa sauti ya kutosha mashine mbili, "Bado tu? Mwanangu wa kwanza aliolewa na mhandisi, wa pili na daktari wa mifugo, huyu wa tatu akaniletea mtu wa kubonyeza-bonyeza." Wale marafiki wakacheka mpaka mmoja akashika mlango. Mimi nikatabasamu, nikasema karibu mama, kaa, na kiti chenyewe hakipo.

Walipoondoka nikaiweka ile picha kwenye programu moja ya siku hizi, ukiipa picha mbovu inakurudishia nzuri, lakini kila mwenye kazi hii anajua kwamba programu ile haisafishi, inabuni, pale isipoona kitu inakisia, na kwa mama mkwe ilikisia kwa ukarimu mkubwa. Ngozi ikawa laini kama puto, hereni ikaungana na sikio, nikasogea mpaka mdomoni, maana amepiga picha akicheka, nikaanza kuhesabu meno ya juu, nikafika kumi na moja na nilikuwa katikati tu.

Mshauri, dakika kumi zingetosha kuyarekebisha. Nilikuwa nazo. Nikamkumbuka mtu wa kubonyeza-bonyeza. Nikabonyeza.

Fundi wa mashine yetu tunamwita mzee Rola, kwa sababu ya zile rola za turubai anazobeba begani kama mtoto aliyelala, ana miaka zaidi ya hamsini na kati ya hiyo kumi na tisa ameitumia kwenye mashine hiyo, sikio la kushoto limeshazibwa na kelele zake, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua, nilifika pale sijui hata tofauti ya sentimita na inchi. Alipopokea faili akaja mwenyewe mlangoni akaniuliza, "Uso huu umeuangalia kwa ukubwa wake?" Nikamjibu bila kugeuza shingo, "Nimeuangalia, mzee wangu, chapa." Na yeye akaniamini, bango likatoka kidogo kidogo na kuviringwa hapohapo, uso ukiwa umelala ubavu, baadaye akaniambia aliona vitu vyeupe vimepangana akadhani ni shanga.

Jumatano saa tatu asubuhi likatundikwa. Meno ishirini na mawili, hayo ni ya juu peke yake, kila moja kubwa kama kipande cha mkate. Muuza viatu mmoja alipanda juu ya stuli akayahesabu kwa fimbo, kwa sauti, umati ukimwitikia kila jino, na kabla ya saa nne mama mkwe wangu alikuwa ameshapata jina jipya, Kinanda. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, nilikwenda kufurahi, sikufichi, na kweli nikacheka, mpaka mama mwenyewe alipofika. Akaona watu wamejaa wanacheka, akadhani ni mapokezi, akasimama chini ya bango lake akaanza kuwapungia mkono na kuwashukuru, huyu anamshika bega, yule anamwita jirani yangu, karibu nusu saa nzima, mpaka rafiki yake mmoja akamvuta pembeni akamnong'oneza. Nilimwona akigeuka kutazama juu. Sikucheka tena.

Nikakimbilia karakana, na hapa ndipo nilipofanya ubaya wa kweli, nikafungua lile faili nikarekebisha meno, nikalihifadhi juu ya lile la zamani, hivyo mama alipofika anawaka moto na bosi akaja kuuliza nani kafanya hivi, nikageuza skrini nikasema, "Faili langu lilikuwa safi, bosi, angalia mwenyewe." Bosi wetu kabla ya hapa alikuwa anauza mbao, mambo ya kompyuta kwake ni kiza, akamgeukia mzee Rola. Mzee Rola akaniangalia. Aliniangalia muda wa kutosha mtu kusema jambo. Nikatazama kibodi. Akasema, "Nitaikagua mashine," basi.

Mama mkwe akasema ama fundi huyo aondoke, ama kazi zote za chama cha soko zihamie kwingine, na bosi akatoa muda mpaka Ijumaa ijayo saa nne, waje wote ofisini amalize. Mke wangu anawaambia ndugu zake kwamba yule mzee amezeeka na ameniharibia kazi. Na lililonivunja kabisa, mshauri, ni kwamba Jumapili mama mkwe alikuja nyumbani akakaa kwenye kochi, akasema mbele ya mke wangu, "Mkwe wangu, nilikukosea siku ile. Kumbe pale wewe ndiye fundi." Miaka sita sijawahi kusikia neno zuri kutoka kinywani mwake, na nimelipata kwa uongo, na nimelifurahia, na usingizi sina, na mzee Rola bado anaitikia salamu yangu kila asubuhi kama kawaida.

Je, nimwandikie bosi barua isiyo na jina? Au nimtafutie mzee Rola kazi mahali pengine kimyakimya, halafu mambo yapoe? Nikisema ukweli nitapoteza kazi, mke na mkwe kwa siku moja. Nishauri.

Mimi Mbonyezaji


MSHAURI ANAJIBU

Mbonyezaji, nimecheka. Nakwambia mwenyewe ili usilisikie kwa mtu mwingine. Nilicheka mpaka kwenye yule wa stuli na fimbo, wenzangu wa meza ya jirani wakaomba barua wasome, wakacheka na wao. Halafu nikafika pale mama anapowapungia watu mkono, nikapunguza. Nilipofika kwa mzee Rola nikaweka chai chini.

Wasomaji wangu wanajua barua hapa husubiri zamu. Ya kwako haikusubiri, maana ajira ya mtu haiwezi kungoja gazeti litoke. Nilikupigia siku ileile ilipofika, Jumatano, siku mbili kabla ya hiyo Ijumaa, na niliyokwambia kwa simu nayarudia hapa kwa faida ya wengine wenye mikono myepesi.

Nilikwambia kwanza kwamba mashine ya kuchapa haioti meno. Bosi wako muuza mbao anaweza asilijue hilo, lakini wewe unalijua na mzee Rola analijua zaidi yako. Kwa hiyo alipokuangalia mbele ya bosi hakuwa akijiuliza ni nani. Alikuwa anakufungulia mlango, na wewe ukachagua kusoma herufi za kibodi kama mtu anayeziona kwa mara ya kwanza.

Barua isiyo na jina! Mwanangu, karakana nzima mtu anayeijua hiyo programu ni mmoja. Ungeandika bila jina na bado ingekuwa na picha yako juu. Na hilo la kumtafutia mzee kazi kimyakimya ndilo lililonikera kuliko meno yenyewe. Mtu ana miaka kumi na tisa mahali, ana sikio moja, unataka kumhamisha kama kabati ili wewe upate pa kupita. Usiliseme tena hilo hata usingizini.

Kuhusu kutukanwa, pole. Sikutanii. Kudharauliwa mbele ya watu, na kazi yako, na mahali pako pa kazi, kunauma, na mama yule alikosa adabu. Ungeniandikia siku ile ningekuwa upande wako na ningempa maneno yake. Lakini hukuniandikia siku ile. Ulilipiza, ukapitiliza, ukamwachia bili mtu wa tatu ambaye hata hakuwa chumbani. Na ile radhi ya kwenye kochi siyo yako, umeipokea kwa jina la mtu mwingine. Irudishe.

Nikakupa mpangilio. Mzee Rola kwanza, kabla ya bosi na kabla ya mke, asubuhi, mashine haijawashwa, na usimame upande wa sikio lake zima. Mke wako siku hiyohiyo, asije akasikia sokoni. Ijumaa bosi na mama mkwe pamoja. Na kokote utakakosema, usianzie kwenye "lakini alinitukana". Anzia kwenye "niliyaona".

Jumamosi ulinipigia, sauti imekauka, ukaniruhusu niwasimulie wasomaji yaliyotokea. Nasimulia kama nilivyosikia.

Alhamisi saa moja asubuhi Mbonyezaji wetu alimkuta mzee Rola anapangusa mashine kwa kitambaa. Akasimama upande wa kulia akasema yote, mpaka lile la kuhifadhi faili juu ya faili. Mzee akaendelea kupangusa.

"Najua," akasema. "Mashine hii haijawahi kunidanganya hata nukta moja. Itaanzaje na meno?"

"Sasa kwa nini hukusema, mzee wangu?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Na kama nisingesema?"

"Ningekusubiri mpaka Ijumaa saa nne. Saa nne na dakika moja ningesema mimi. Usinione mtaratibu ukadhani ni zoba."

Nimempenda mzee huyo.

Mke alikuwa anakunja nguo alipoambiwa. Alikunja zote, hata soksi, akazipanga, ndipo akauliza, "Na kwangu je, ni kitu gani kingine umekifuta ukahifadhi kingine juu yake?" Tangu hapo mazungumzo nyumbani ni "gesi imeisha" na "funga mlango". Hapo, Mbonyezaji, usinililie. Alikutetea kwa ndugu zake kwa mdomo wake mwenyewe, sasa inabidi arudi kwao kuyafuta aliyoyasema. Mpe muda, na wewe ndiye uwapigie hao ndugu kwanza, siyo yeye.

Ijumaa saa nne wakakaa ofisini kwa bosi: bosi, mama mkwe, mzee Rola, na kijana wetu amesimama. Akasema. Mama mkwe hakupandisha sauti, na kijana anasema hilo lilimtisha kuliko kelele.

"Uliyaona?"

"Niliyaona, mama."

"Ukayahesabu?"

"Mpaka kumi na moja."

"Ukayaacha."

"Nikayaacha. Nilikuwa na hasira na wewe. Nisamehe. Na mzee Rola naye nimemsingizia mbele yako."

Mama akafungua mkoba wake, akapekuapekua, akatoa miwani, akaivaa. Kijana anasema katika miaka sita hakujua kwamba mama yule ana miwani. Akamtazama mzee Rola, si mkwe wake.

"Fundi," akasema, "Jumanne mchana ulinitumia sampuli kwenye simu ukaniomba niikague kabla hujachapa."

"Nilituma, mama."

"Nikakujibu kwa dole gumba."

"Ulijibu."

"Sikuona kitu. Niliona rangi nyekundu na kitu kama mimi. Miwani naiacha nyumbani, inanizeesha. Nilijua siku ileile bango lilipopanda kwamba niliipitisha mwenyewe, na nikaona aibu, nikakupigia wewe kelele."

Mnaona mambo hayo? Watu wawili wazima, mkwe na mama mkwe wasioivana hata kwa salamu, kumbe wamekubaliana bila kuambiana kumtupia mzigo mtu mmoja. Na huyo mtu ana ujumbe wa dole gumba kwenye simu yake muda wote, hakuutoa. Alipoulizwa kwa nini, akasema mteja akiaibika mbele ya mkwe wake hatarudi, na yeye anapenda kazi irudi. Akaongeza kwamba huo nao ungetoka saa nne na dakika moja.

Bosi, ambaye nadhani alikuwa ametafuta sana mahali pa kushika katika habari hiyo, akaamua. Mzee Rola anabaki, na kuanzia sasa hakuna faili linaloingia kwenye mashine bila yeye kuliona kwenye skrini kubwa. Kijana anatolewa kwenye kompyuta mwezi mzima, anashuka chini kukata kingo na kutoboa matundu ya kamba, chini ya mzee huyohuyo. Na bango jipya linatoka, kazi ya mwisho atakayoiandaa kabla hajashuka, mama mwenyewe akiwa amekaa pembeni yake.

Mlangoni mama mkwe alimgeukia. "Ile radhi yangu ya Jumapili naichukua."

"Chukua, mama."

"Lakini na mimi kile kitu cha mlangoni nilichokisema, mbele ya wale wanawake." Akafunga mkoba. "Sikutakiwa kukisema." Akaondoka. Mtu mwingine angekuomba radhi kwa maneno matamu zaidi, ila hii sasa ni yako, umeipata kwa jina lako.

Picha mpya ilipigwa hiyohiyo Ijumaa mchana uani, na mpiga picha mwenye kamera, mama amevaa miwani kwa amri ya mzee Rola. Walikaa watatu mbele ya skrini wakaupitia uso mzima kwa ukubwa wake, sikio, hereni, kola, kila kitu. Mama akataka mikunjo ya macho iondolewe. Mzee Rola akasema hapana, mama akabisha, mzee akasema yeye sikio hilo halisikii, wakaendelea. Jumamosi asubuhi bango likapanda. Meno ni idadi ya kawaida. Uchaguzi bado wiki tatu, na mimi si mpiga kura pale, siwezi kusema atashinda. Sokoni bado wanamwita Kinanda. Ameanza kuitika.

Sasa nimalizie na wewe, Mbonyezaji, na wenzako wote wanaokaa kwenye vyumba vya feni wakitengeneza nyuso za watu. Mteja akikuletea picha ya skrini yenye betri juu, irudishe, hata akiwa mama mkwe, hasa akiwa mama mkwe. Faili la kwanza litunze lilivyo, la marekebisho lipe jina jingine na tarehe. Ukiulizwa kama umeangalia, jibu ni nimeangalia au bado, na geuza shingo unapojibu. Huo mwezi wa kutoboa matundu utoboe wote, bila kununa, na ukifika asubuhi wewe ndiye uwe wa kwanza kumwamkia mzee. Nyumbani usidai kusamehewa, nunua gesi.

Na mama yule akikutukana tena, maana namwona bado ana nguvu, mjibu papo hapo, kwa heshima, mbele ya haohao marafiki zake. Mjibu kwa mdomo wako. Wa kwake uache ulivyo.